Msasa wa kitambulisho: nani mgeni Mombasa?

Februari 2025 Rais Ruto alitia sahihi tangazo huko Wajir la kufuta msasa wa ziada, yaani kuhojiwa uraia na wazee na maafisa, waliokuwa wakipitishwa vijana wa maeneo ya mpakani wanapoomba kitambulisho. Waliopinga walisema mpaka unaachwa wazi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa Pwani. Hoteli ya Kikambala ililipuliwa na magaidi Novemba 2002. Garissa, 2015, waliuawa watu 148 chuoni. Na nani asiyejua kwamba vitambulisho huuzwa? Wanaoutetea msasa husema mzee wa mtaa anawajua watoto wa jirani zake kuliko kompyuta yoyote.

Taabu ni kwamba Mombasa msasa huu haukamati wageni. Unakamata majina na sura. Kazungu wa Kisauni, Mmijikenda, hupeleka karatasi zake akaondoka. Omar wa Kibokoni, mwenye nywele za singa, huambiwa alete kitambulisho cha babu, pengine na cha nyanya pia. Msomali wa Bondeni vilevile, hata kama mamake alizaliwa hapo hapo. Babu mwenyewe huenda hakuwa na karatasi ya kuacha: kipande cha mkoloni, kilichoanza kutumika 1920, kilikuwa cha wanaume Waafrika, na ni sheria ya 1947 iliyowaingiza wanaume wa rangi zote kwenye usajili. Isitoshe, mwambao huu ulihesabiwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inauliza jambo moja tu: je, mama au baba ni raia? Babu hatajwi.

Kuna wanaojibu kwamba Waarabu na Wahindi walipendelewa na mkoloni, basi nao waonje. Upendeleo ulikuwepo, na umiliki wa ardhi ungali unauma. Lakini kijana wa miaka 18 hakugawa shamba la mtu.

Sasa tazama anachofanya kijana huyo akisubiri. Bila kitambulisho hasajili laini, hana M-Pesa, hafungui akaunti, hapati cheti cha tabia njema, na bila cheti hicho ajira nyingi zinamkataa. Lakini simu anayo! Laini imeandikishwa kwa jina la mama, au la binamu. Pesa zinaingia na kutoka kwa jina la mtu ambaye hakuzigusa, na polisi wakitafuta mwenye namba watamkuta mwanamke anayekaanga mahamri Majengo. Msasa uliowekwa ili serikali ijue nani ni nani umezalisha vijana ambao serikali haiwaoni. Hili ndilo walinzi wa mpaka wangepaswa kuliogopa kwanza.

Njia iliyopo ya kutambuliwa ni ya kabila zima kwa pamoja: Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi 2016 wakawa kabila la 43 la Kenya, Wahindi wakafuata 2017, Wapemba 2023. Heri yao. Ila Omar tayari ni raia kwa sheria. Hana cha kuomba Ikulu.

Wanaohofia mpaka wanaweza kupata watakacho bila kupima rangi ya mtu: cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi mmoja, viulizwe kwa Kazungu, Mwangi na Omar sawasawa, na atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi ili aweze kwenda nayo mahakamani.