Mnaniita Semina, Hamniambii Kwa Nini

Niliwahi kupelekwa semina ya siku mbili ya uandishi wa ripoti. Barua ilitaja ukumbi, saa ya kuanza, na kwamba kuhudhuria ni lazima. Nikakaa viti vya nyuma. Fomu ya tathmini niliijaza kwa kuweka vema kila mahali ili niwahi kuondoka. Cheti kipo kabatini hadi leo.

Miezi kadhaa baadaye, katika soga tu, meneja wangu akanidokeza kuwa wakubwa walikuwa wakisoma ukurasa wa kwanza wa ripoti zetu, basi. Sisi maombi ya vifaa tulikuwa tukiyaweka ukurasa wa nne! Kumbe ndiyo maana kila mwaka tulitoka kapa, na semina ile iliandaliwa kwa sababu hiyo hiyo. Ningeambiwa mapema, ningekaa kiti cha mbele kabisa.

Malcolm Knowles, Mmarekani aliyejikita katika elimu ya watu wazima, alishikilia kwamba mtu mzima hutaka kujua kwa nini ajifunze jambo kabla hajajitaabisha kulijifunza. Maofisini sababu huja mwishoni, ikija. Na mara nyingi huja imevalishwa joho: "kuwajengea uwezo", "kwenda na wakati". Hayo ni mapambo. Sababu ni kuniambia mteja analalamikia nini, kosa gani linajirudia, na Jumatatu nikirudi mezani kwangu nitafanya nini tofauti.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia wa Marekani Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuomba michango ya chuo kikuu. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye, muda waliokuwa wakiutumia kwenye simu ulikuwa umeongezeka zaidi ya maradufu. Hawakufundishwa mbinu yoyote mpya. Walimwona mtu, wakaelewa simu zao zinaishia wapi.

Najua kuna sababu chungu. Labda sehemu ya kazi yako itachukuliwa na programu ya kompyuta, au utabebeshwa majukumu ya mwenzako aliyeondoka, mshahara ukibaki ule ule. Hapo mabosi wengi hunyamaza, wakidhani wanatuliza watu. Hawatulizi mtu. Uvumi hauna likizo, na utakaosambaa utakuwa mbaya kuliko ukweli wenyewe. Mimi naona heri niambiwe waziwazi, niamue kama nitajifunza kwa ajili ya kubaki au kwa ajili ya kutafuta pengine. Vyovyote vile nitajifunza kweli.

Siku hizi barua ya mafunzo ikinifikia naijibu kwa swali moja, kwa adabu: nikirudi, mngependa kazi ipi niifanye tofauti? Mara mbili nimejibiwa vizuri. Mara ya tatu semina iliahirishwa.