Kokoko ya Mguu wa Mbele

Kuna kelele za gari zenye adabu zake. Pedi za breki zikikaribia kuisha kuna kibati kidogo kinaanza kukwaruza diski makusudi kabisa, kinapiga kelele mpaka uone aibu, unaenda kununua pedi, mmemalizana. Silensa ikitoboka mtaa mzima unajua na wewe unajua, hakuna ubishi hapo. Sasa njoo kwenye hii kitu inayogonga mbele huku chini, kokoko, kokoko, halafu kimya, halafu ko moja tu kama imesahau kitu ikarudi kuchukua. Hii haina adabu, haina ratiba, na haina mwenyewe.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye tuta kubwa haineni kitu. Yaani napanda tuta la maana, gari linainuka linashuka, mimi nimebana meno kusubiri kishindo, kimya. Tukifika kwenye barabara imechakaachakaa kidogo tu, vijishimo vya kawaida, mwendo wa kobe, hapo ndo inaanza kokoko kokoko mpaka nakosa raha ya kuongea na simu (nimepaki, msianze). Kwa akili ya kawaida si tuta kubwa ndo litoe kelele kubwa? Basi shika hilo swali, maana hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza.

Kuuliza hawaulizi, wao wanajibu tu. Mke wangu anasema hasikii kitu, mtu huyo huyo anayesikia mfuko wa biskuti ukifunguliwa chumba cha pili. Shemeji yangu alisikiliza sekunde chache akiwa amesimama nje, gari lenyewe limezimwa, akasema ni shokapu hizo, badilisha zote. Jirani yeye akasema boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoshikilia mguu wa tairi, na huyu alinikosesha usingizi kwa sababu hakuishia hapo, akanieleza kwamba boljointi ikichomoka tairi linalala ubavu na gari linakaa chini katikati ya barabara. Na bahati mbaya ni kweli. Katika vyote vinavyogonga kule mbele hicho ni cha kukimbilia kwanza, vingi unaweza kuvumilia ukaenda navyo polepole, boljointi iliyolegea hapana. Kwa hiyo nikawa naendesha nimekaza mabega, kila ikisema ko naagana na familia kimoyomoyo. Mwingine kazini, tena ana gari zuri, ushauri wake ulikuwa niongeze sauti ya redio.

Haya nikalipeleka kwa fundi. Mnajua kilichotokea. Alipokaa tu kiti cha abiria, gari likawa limeokoka. Tukapita kule kule kwenye mashimo yangu niliyoyazoea, hakuna hata ko, mimi napunguza mpaka mwendo, naliyumbisha, nalibembeleza, "subiri mkuu, sasa hivi, hapa hapa", yeye ananiangalia kwa huruma kama anamwangalia mgonjwa. Hasira zikinipanda nikahisi gari linanidharau, ila sababu ipo tena ya kawaida tu: mtu mzima akikaa mbele pale springi inashuka kidogo, viungo vinabadilisha mkao, kile kilicholegea kinabanwa na kelele inajificha. Akishuka inarudi. Ndo maana fundi mwenye akili anakwambia endesha wewe peke yako kwanza alafu njoo na maelezo, au yeye anaendesha mwenyewe bila wewe kumhubiria pembeni.

Huyu wangu hakuwa huyo. Huyu alisema bushi, zile raba za kwenye viungo. Tukabadilisha bushi. Na alizikaza gari likiwa juu, miguu inaning'inia, kitu ambacho bushi nyingi za am (ule mkono wa chuma unaoshika mguu wa tairi) hazitaki kabisa, kwa sababu ile raba imeshikana na chuma, ukiikaza mguu ukining'inia halafu ukashusha gari, inabaki imejinyonga muda wote na itachanika kabla ya siku zake. Inatakiwa nati ya mwisho ikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Nikamwambia hivyo akanijibu "bosi, hizi kazi tunafanya kila siku". Sawa. Tukashusha gari, nikatoka getini, kokoko.

Hapo ndo nikagundua tatizo la watu wote hawa, wa bure na wa kulipwa. Wote wanatafuta inalia WAPI. Sasa mbele kule yote ni vyuma vimefungwa kwenye chuma kingine ambacho kimefungwa kwenye bodi, sauti inaanzia mguu wa kulia inatambaa kwenye bodi inakuja kutokea miguuni kwako upande wa kushoto, inakuangalia. Sikio linadanganywa mchana kweupe. Mimi mwenyewe ningeapa ni kushoto, mke wangu (siku alipokubali kusikia) akasema ni kwenye dashibodi, shemeji akasema ni nyuma. Cha kuuliza ni inalia LINI. Inalia ukifanya nini, inanyamaza ukifanya nini. Kelele haiwezi kudanganya kwenye hilo.

Kwa hiyo nikaanza kulihoji gari kama polisi. Gari limesimama, zungusha stelingi mpaka mwisho huku na huku: kama ni mauntingi ya juu ya shokapu, pale inapofungwa kwenye bodi, imechoka ingetoa ule mlio wa springi kuruka, boing. Springi iliyokatika nayo inaweza kufanya vituko vya namna hiyo, na inapenda kukatika kule chini kabisa kwenye kikalio chake ambako usipopiga tochi huioni. Langu kimya. Nenda uwanja mtupu, kata kona yote huku unakanyaga mafuta: ingekuwa sivi jointi ya nje, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, ingelia takatakataka kwa kufuatana, ikiongeza kasi na tairi. Kimya. Beringi yenyewe, ile ambayo tairi linazungukia, haigongi sana, inanguruma, na ngurumo inapanda na mwendo, ukiyumba kulia uzito unahamia kushoto na beringi ya kushoto ikiwa mbovu inapiga kelele zaidi. Hamna. Nikapita kwenye mashimo nikiwa nimegusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, maana pedi za breki zilizolegea kwenye kalipa, kile kinachozishika, zinagonga vizuri sana na ukizibana kidogo zinanyamaza. Ikaendelea kokoko bila wasiwasi. Nikamwagia maji bushi zote kwa mpira, kwa kuwa raba kavu ikipiga kwichikwichi ukiilowesha inatulia japo kwa muda. Nilichopata ni gari kokoko lililooga.

Jirani akapita akanikuta nimelala chini ya gari na tochi mdomoni. "Boljointi hiyo." Ahsante, jirani.

Kwa ajili yake tu nikapiga jeki, nikaweka stendi (jeki peke yake si kitu cha kulalia, hilo sitanii), nikashika tairi juu na chini nikatikisa, halafu kushoto na kulia nikatikisa. Ikicheza juu na chini unashuku boljointi au beringi, ikicheza pembeni unashuku tairodi, ile fimbo ya stelingi inayogeuza tairi. Na kuna ujanja hapo: mtu akanyage breki wakati unatikisa, kama mchezo umepotea basi ni beringi, kama upo palepale ni viungo. Mke wangu akawa ndo mkanyagaji, anakanyaga huku anasoma simu, nikisema achia anakanyaga, nikisema kanyaga ananiuliza "ipi?". Ila tairi halikucheza hata chembe. Boljointi nzima kabisa. Nilitamani jirani apite tena, hakupita.

Sasa rudini kwenye lile swali langu la tuta. Tuta linanyanyua tairi zote mbili za mbele kwa pamoja. Shimo linachukua moja. Kitu gani kule mbele kinafanya kazi pale tairi moja linapopanda na mwenzake amebaki chini? Ile fimbo ya stabilaiza, inayounganisha mguu huu na ule ili gari lisilale kwenye kona. Tairi zikipanda pamoja fimbo inazunguka tu kwenye bushi zake, haina ugomvi na mtu. Likipanda moja, fimbo inajisokota na kuvuta zile linki zake mbili ndogo pembeni, na linki ikiwa imelegea kichwani ndo hiyo kokoko yako. Jibu lilikuwa kwenye malalamiko yangu siku zote, nalalamika kwa sauti kubwa na hakuna anayesikiliza hata mimi.

Na mbona fundi hakuiona? Kwa sababu alinyanyua tairi moja moja. Ukinyanyua moja tu, fimbo inajisokota, inaikaza linki, ukiishika imetulia kama haijui kitu. Shusha gari, au nyanyua mbele yote sawasawa, ndo uishike uitikise. Nikapandisha tairi zote mbili kwenye ngazi za chuma za kupandishia gari, nikaingia chini, nikaishika ya kushoto, ngumu kama jiwe. Nikaishika ya kulia. Ko ko ko. Kwa mkono wangu! Nilicheka peke yangu kule chini mpaka mtoto akaenda kumwambia mama yake kuwa baba amebanwa na gari.

Linki yenyewe ni kifimbo kifupi, vichwa viwili, nati mbili. Ubishi ni kwamba kile kichwa kinazunguka pamoja na nati, kwa hiyo unakishika katikati kwa spana nyingine au ufunguo wa pembe sita huku unafungua, na kama kimeliwa na kutu unatukana mpaka giza linaingia. Nilifunga mbili, maana zimezeeka pamoja. Nikapita kwenye mashimo yote, mwendo wa kobe, madirisha wazi, redio imezimwa. Kimya.

Sasa sikieni. Shemeji kapigiwa simu na mke wangu, kajibu "si nilimwambia ni linki?". Jirani anasema linki na boljointi ni ukoo mmoja kwa hiyo alipatia. Fundi wa bushi anasema bushi ndo zilisaidia, linki ilikuwa inamalizia tu. Wa redio hajasema kitu, na ndiye pekee ninayemheshimu.

Jana usiku kuna rafiki kanitumia voisi noti, gari lake linagonga mbele, amenirekodia dakika nzima ya upepo na mtoto analia, anasema wewe ndo mtaalamu, nisikilizie. Sikuimaliza. Nimemwambia ni shokapu hizo, badilisha zote.