Jonathan Strange & Mr Norrell: subira ya msomaji inatumikaje?

Riwaya ya Susanna Clarke, Jonathan Strange & Mr Norrell, ilitoka mwaka 2004, ikatwaa Tuzo ya Hugo, ya vitabu vya fantasia na sayansi ya kubuni, mwaka uliofuata, na mpaka leo ni nadra kumpata mpenzi wa fantasia asiyeisifu. Wachache wanaoilaumu wana neno moja: inajikokota. Hawajakosea. Ina sura 69, na Strange, mchawi kijana anayetangulia kwenye jina la kitabu, hashiki hadithi mpaka sehemu ya pili, sura 22 zikiwa zimeshapita. Lakini mimi sina ugomvi na upole wa mwendo. Ugomvi wangu ni juu ya wahusika wanaopewa muda huo, na wanaonyimwa.

Kwanza haki itendeke. Tuko Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Mabwana wa York hukutana kusomeana makala ndefu kuhusu uchawi ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuufanya. Clarke anatuacha tuchoshwe nao kabisa. Kisha Norrell, mchawi mzee mchoyo wa vitabu, anazifanya sanamu za kanisa kuu la mji huo ziseme, na jiwe moja linapaza sauti kuhusu msichana aliyenyongwa humo karne nyingi nyuma bila shahidi ila mawe. Mwili unasisimka, na usingesisimka bila vile vikao vya kuchosha. Tanbihi nazo, karibu 200, zinafanya kazi hiyohiyo. Zimejaa ngano na vitabu visivyowahi kuwepo, na mbili tatu ni hadithi tamu kuliko sura zinazozibeba. Ukizing'oa, unabaki na wachawi wawili wanaooneana wivu.

Sasa tazama yanayompata Lady Pole, bibi kijana aliyefariki. Norrell anamfufua kwa kuafikiana na jini mwenye nywele nyepesi kama sufi, na malipo yake ni kwamba kila usiku bibi huyu anachukuliwa kwenda kucheza dansi katika jumba la jini. Akijaribu kumweleza mtu, kinywa chake kinatoa visa visivyo na mbele wala nyuma. Ni wazo la kutisha. Ila akishafungwa mdomo, kitabu kinaondoka zake: kinakwenda Hispania, Strange akilitengenezea barabara jeshi la Jenerali Wellington wa Uingereza, kinakwenda kwenye mapigano ya Waterloo, kinarudi kwenye magomvi ya vitabu. Lady Pole tunamchungulia mara mojamoja tu.

Watetezi husema hiyo ndiyo maana yake: ulimwengu wa mabwana haumsikii, na sisi tunaonjeshwa uziwi huo. Ni hoja nzuri, na nusu yake naikubali. Lakini mumewe, Sir Walter, hajui kilichompata mkewe, ilhali sisi tunajua tangu mwanzo. Ucheleweshaji hautupi uziwi wa Sir Walter. Unatupa kungoja tu. Na kitabu hikihiki kiliweza kumpa msichana aliyekufa sauti kwa mistari michache, tena kwa kinywa cha jiwe.

Wala si kwamba Clarke hakuweza. Stephen Black, mtumishi mkuu wa nyumba hiyohiyo, naye amenaswa na jini huyo na hawezi kusema. Tofauti ni kwamba yeye tunatembea naye. Jini anamzawadia asivyovitaka, anamwahidi ufalme asiouomba, anaua watu eti kwa kumpenda, na kila ziara inaongeza hofu ileile kidogokidogo. Hapo upole wa mwendo ni silaha. Katika Piranesi, riwaya yake fupi ya mwaka 2020, Clarke anakaa na mfungwa mmoja mwanzo hadi mwisho, bila haraka, na sikuona popote alipopoteza ukurasa.

Kwa hiyo wanaotaka kitabu hiki kipunguzwe wasiniombe saini. Tanbihi zote zibaki. Ningechukua sura mbili za Hispania, nikampa Lady Pole usiku mmoja mzima katika lile jumba, tuuone kwa macho yake.