Pasi Iliyofukuza Pepo

Niseme mapema: elfu kumi ya duka la dawa nilisharudisha. Ya fundi cherehani bado, ila mwenyewe kasema niachane nayo, kicheko alichopata siku ile kinamtosha.

Jengo liko Moshi mjini, si mbali na stendi kuu. Chini kuna duka la dawa na saluni. Juu kuna wakili, mama fundi cherehani, na ofisi ya mama mmoja anayepandisha wageni mlimani. Intaneti ya jengo zima ni moja, ya mzee mwenye nyumba: faiba inaingia kwenye ruta yake, kutoka kwenye ruta inaingia kwenye swichi, kisanduku cha kugawa mtandao kilicho kabatini koridoni, na kutoka hapo kila mpangaji amevutiwa waya wake. Hiyo swichi tutakutana nayo tena.

Mama wa mlimani alikuwa na kero ya muda mrefu.

"Baba, hawa vijana wangu wakishuka mlimani wanajaa hapa ofisini kushusha muvi, mimi nikitaka kulipia vibali mtandao unazunguka tu. Niwekee kitu cha kuwabana."

Kitu cha kuwabana ni fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao anayeamua nini kipite na nini kisipite. Nikamtajia bei ya boksi lake, akavua miwani.

"Mwanangu, hiyo si hela ya wapagazi safari nzima?"

Wiki hiyo nilikuwa nimekesha na video za kujifunza, kwa hiyo nilikuwa na jibu. Nikamwambia boksi halihitajiki, tutaweka fayawoli pepe. Dada wa ofisi alikuwa pembeni anakunja hema, akainua kichwa.

"Fayawoli ya pepo?"

"Pepe, dada. Pepe. Yaani ipo, inafanya kazi, lakini huwezi kuishika."

"Si ndiyo pepo hilo."

Nikamweleza kitaalamu, maana mtu akikubeza kazini unamweleza kitaalamu. Unachukua kompyuta ndogo, nene kama Biblia ya mzee wa kanisa, yenye matundu mawili ya waya wa mtandao. Unasimika Proxmox, ambayo ndiyo haipavaiza: kazi yake ni kuigawa kompyuta moja vipande, kila kipande kijione ni kompyuta kamili. Kipande kimoja unakipa RAM ya GB 2 na diski ya GB 20, ndani yake unasimika programu ya fayawoli iitwayo OPNsense, na hapo una fayawoli. Tundu la kwanza linatazama nje, kwenye swichi ya mzee. La pili linatazama ndani, kwa vijana wa muvi. Dada akasema sawa, akarudi kwenye hema lake.

Nilifanya kazi hiyo jioni, ofisi imeshafungwa. Kila programu iliponiuliza swali nilibonyeza Enta, Enta, Enta, kama mtu anayeitikia amina kwenye sala asiyoisikia. Mwishoni menyu ikatokea kiooni. Sikuisoma. Niliipiga picha nikaweka stetasi. Kitu kimoja nilikumbuka, na nikajipongeza: kutiki kisanduku cha kuifanya fayawoli iamke yenyewe umeme ukikatika na kurudi. Nyaya za ofisi nilipanga kuzihamishia kesho. Nikaiacha ikiwaka taa zake za kijani, nikaenda kula mtori.

Saa mbili asubuhi simu ikalia. Duka la dawa.

"Fundi, mfumo wa bima haufunguki, na nina foleni hapa."

Nikafika. Nikazima kifaa chao cha waifai, nikawasha, mfumo ukafunguka. Elfu kumi. Sijamaliza kuiweka mfukoni, mama fundi cherehani ananiita juu: wateja wanamtumia mishono WhatsApp, haiingii. Nikazima, nikawasha, wapi. Nikazima, nikawasha, ikaingia. Elfu tano na chai ya maziwa. Nikajiambia leo Mungu kanikumbuka.

Kwa wakili mambo yakagoma. Nimezima na kuwasha mara nne, yeye amekaa ananitazama kama shahidi anayejikanyaga.

"Wakili msomi, hili si letu. Hili ni la kampuni ya mtandao."

Nikawapigia huduma kwa wateja, mbele yake, sauti juu. Binti wa watu akanijibu kwa upole kwamba kwao laini inaonekana nzima. Nikamwambia, dada, unaongea na mtaalamu. Nikikumbuka sentensi hiyo mpaka leo nahisi joto masikioni.

Kufika saa nne jengo lote lilikuwa linaniita. Duka la dawa limekata tena. Saluni wamepata, wamekosa, wamepata. Mzee mwenye nyumba ameteremka na fimbo yake anauliza nani kagusa kabati. Na mama wa mlimani ndiye mwenye moto kuliko wote: wageni saba wanaingia lango la Machame kesho asubuhi, vibali vinalipiwa kwa namba ya malipo, na namba hiyo inatolewa mtandaoni.

"Baba, wale wazungu wamekuja na ndege. Nitawaambia nini, mlima umefungwa?"

Nikashuka tena duka la dawa, nikapanda juu ya stuli kuchungulia waya, huku nikipaza sauti jengo zima lisikie: "Zimeni waifai kwenye simu, mwashe upya!" Mara saluni wakapiga kelele: imerudi! Wakili naye akafungua dirisha: imerudi! Sikuwa nimegusa kitu. Nilishuka kwenye ile stuli taratibu, kama mchungaji aliyeombea mvua ikanyesha. Mfamasia akanipa soda.

Soda haijaisha, ikakata.

Baada ya robo saa hivi ikarudi, wakashangilia. Ikakata tena. Nikapanda kwa mama miguu inatetemeka, nikijiandaa kumlaumu mzee kwa ruta yake ya zamani. Pale ofisini dada alikuwa anapiga pasi fulana za wapagazi, zile zenye nembo ya kampuni, rundo zima.

"Kaka," akasema bila kuinua macho, "mbona kila nikichomeka pasi mnashangilia?"

Nikataka kucheka. Kisha nikatazama ukutani. Soketi ya ukuta ule ni moja. Imechomekwa pasi. Pembeni yake unaning'inia waya wa umeme wa kompyuta yangu.

"Dada, chomoa pasi, rudisha huu waya."

Akarudisha. Taa zikawaka. Nikangoja dakika kama nne, kisha nikazima waifai ya simu yangu na kuwasha, nikatazama anwani, ile namba ambayo simu hupewa ikiingia kwenye mtandao: inaanza na 192.168.1. Ruta ya mzee hutoa 192.168.0.

"Chomeka pasi."

Akachomeka. Nikazima, nikawasha: 192.168.0.

"Tena."

Tulirudia mara tatu, na mara ya tatu mama alikuwa amesimama mlangoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Video niliyokesha nayo ilikuwa ya pfSense, programu nyingine ya fayawoli, mimi nikasimika OPNsense. Ni ndugu hao; OPNsense ilichipuka kutoka kwa pfSense, toleo lake la kwanza likatoka Januari 2015. Ila kila nyumba na mila yake. pfSense ikikuta kadi mbili za mtandao, ya kwanza huifanya WAN, yaani mlango wa nje, na ya pili LAN, mlango wa ndani. OPNsense usipoiambia kitu hupanga kinyume: ya kwanza LAN, ya pili WAN. Kwa hiyo mlango wangu wa ndani ulikuwa umechomekwa kwenye swichi ya jengo zima. Na LAN ya fayawoli ni karimu, kila kifaa kikiita inakigawia anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa kugawa anwani wenyewe kwa wenyewe bila mtu kuandika, na kukiambia, ukitaka kwenda nje pitia kwangu, 192.168.1.1. Kwangu hakukuwa na nje. Ruta ya mzee nayo ilikuwa inagawa zake, na simu hufuata anayejibu kwanza. Ndiyo maana zimawasha zangu zilifanikiwa mara moja moja. Nilikuwa nacheza bahati nasibu, tena kwa malipo.

"Kwa hiyo tatizo ni wewe," mama akasema.

"Ni mimi, mama."

"Na umelipwa."

"Kidogo, mama."

Dada akatikisa kichwa. "Na akasema si pepo."

Nikamwambia mama kwamba dawa ni ndogo, mashine yangu ibaki imechomolewa, pasi yenyewe haina kazi yoyote. Hakutaka kusikia. Alivuta kiti mbele ya kompyuta yake, akavaa miwani.

"Wewe nyamaza. Dada, piga pasi. Usichomoe mpaka nilipe."

"Mama, fulana zimeisha."

"Anza upya."

Akaanza upya. Mama akapata namba ya malipo, akalipa, akangoja risiti, akaichapa nakala mbili, muda wote huo dada anapiga pasi fulana zilizokwisha kupigwa. Mimi nimekaa pembeni juu ya begi la hema, sina la kusema.

Jioni nilirudi. Nikaandika anwani kwenye laptopu kwa mkono, nikaingia Proxmox, nikafungua kioo cha fayawoli, na safari hii menyu nikaisoma. Namba 1: panga milango. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Kesho yake wapagazi waliingia Machame na fulana ambazo mikunjo yake ingeweza kumenya ndizi. Dada ananiambia nyingine alizipiga pasi mara sita.