Karate hufuga hasira au huinoa?

Mzazi mwenye mtoto mkorofi hupewa ushauri wa aina mbili. Mmoja humwambia ampeleke karate akapate adabu. Mwingine humwonya kuwa atamfundisha mgomvi kupiga kwa ustadi. Kila upande una ushahidi wake.

Wanaotetea hutaja utafiti wa Michael Trulson wa mwaka 1986. Vijana waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu waligawanywa makundi matatu kwa miezi 6. La kwanza lilifundishwa taekwondo ya jadi, sanaa ya mapigano ya Korea, pamoja na heshima na kutafakari. La pili lilifundishwa kupigana tu. La tatu lilikimbia na kucheza michezo ya kawaida. Ukali wa kundi la kwanza ulishuka, wa kundi la pili ukapanda, ingawa makundi yote mawili yalirusha mateke. Matokeo yanavutia, lakini vijana wenyewe walikuwa 34 tu.

Wanaopinga wana utafiti wa Norway. Mwaka 2005 watafiti Endresen na Olweus walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana wadogo waliocheza ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na sanaa za mapigano za Mashariki. Wavulana hao walizidi kuwa na vurugu nje ya mchezo. Sasa, anayenyanyua vyuma hampigi mtu. Ikiwa naye amo kwenye kapu hilo, nashawishika kwamba tatizo ni mazungumzo na majigambo ya ukumbini kuliko ngumi zenyewe.

Kuna hoja moja ya watetezi nisiyoikubali kabisa: kwamba mtu mwenye hasira akalipige gunia ili aitoe. Ni hoja tamu, maana kila aliyewahi kupiga gunia anajua raha yake. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman aliipima. Wanafunzi walioudhiwa makusudi, kwa kukosolewa vikali insha zao, baadhi yao walipewa gunia. Waliopiga huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko wote. Waliokaa kimya bila kufanya lolote ndio waliokuwa na ukali mdogo zaidi. Kumbe anayepiga huku akimwazia adui yake anafanya mazoezi ya kukasirika. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wavute picha ya mtu wanayemchukia kabla ya kupiga anawaharibu, hata kama ana mikanda mingapi.

Faida, kwa maoni yangu, iko katika kujifunza kuacha. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alisisitiza kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Maneno hayo yanaweza kubandikwa ukutani yakasahaulika. Ila katika judo aliyekabwa akigonga mkeka kuonyesha amesalimu amri, mkabaji lazima aachie papo hapo, hata kama dakika iliyopita yeye ndiye aliyebwagwa na damu bado inamchemka. Rudia hilo mara mia kadhaa, mwili unajifunza kuachia kabla akili haijamaliza kukasirika. Mazoezi ya namna hiyo ni nadra kwingineko. Mcheza soka aliyekasirika anaweza kukimbia tu.

Kwa hiyo mzazi asiulize kama ni karate, judo au ndondi. Aketi pembeni kipindi kimoja, angoje mwanafunzi apige kwa hasira, kisha amtazame mwalimu: anamsimamisha, au anampigia makofi?