Acheni Kung'oa Mikoma Porini

Kando ya barabara ya kutoka Malindi kwenda Mambrui nimekuta mikoma michanga, miti ya pwani ya jamii ya mnazi, imepangwa safu, imeshindiliwa kwenye ndoo za rangi, majani yamepanguswa vumbi hadi yanang'aa. "Chukua, dada, mti wa porini huu, mgumu, haufi," akaniambia muuzaji. Nikashika jani la katikati, lile ambalo halijafunguka, nikalivuta taratibu. Likachomoka lote. Kitako chake kimeoza, kinanuka. Mti ulishakufa, na bado unatafutiwa mnunuzi.

Nimekasirika, na sioni haya kusema. Mkoma ndio unaotupa miyaa ya mikeka na vikapu, makoma yake tumeyaguguna utotoni sote, na kwa uzuri wa jani haushindwi na Washingtonia, ule mchikichi wa Mexico unaopamba mageti ya mahoteli. Wageni wakiupenda, nafurahi. Lakini mkoma hauchimbwi kama mchicha.

Koma likiota halitoi jani juu kwanza. Linatoa chipukizi nene kama kidole linalozama chini, mara nyingi zaidi ya futi moja, na kule chini ndiko mche unakoanzia kabla jani la kwanza halijapanda kutafuta jua. Kwa hiyo mkoma unaouona una majani matatu yaliyokunjuka kama upepeo, moyo wake, yaani pale majani yanapochipukia, bado umezikwa ndani kabisa. Jembe linapita katikati yake. Na shina la mkoma, kama la mnazi, lina moyo mmoja. Ukikatwa, shina hilo halitoi jani jingine. Majani ya nje hubaki mabichi wiki kadhaa kwa akiba iliyomo, basi mnunuzi anamwagilia maji, anasubiri, kisha anajilaumu bure kwamba hana mkono wa miti.

Haya, nakubali: pale tingatinga linapokuja kusafisha kiwanja, kuchimba mche ni afadhali kuliko kuuacha upondwe. Na yule kijana ana watoto wa kulisha. Lakini makoma yameanguka bure chini ya kila mkoma jike kuanzia Gongoni hadi Marereni! Aokote. Abambue nyama ya nje, aloweke kokwa siku chache, alizike kwenye chombo kirefu: kipande cha bomba pana au pipa, si kopo, kitobolewe chini, kijazwe mchanga na samadi iliyooza. Asubiri miezi. Mche huo utakuwa na thamani, nami nitalipa bei yake bila kupatana.

Kwa wenye michikichi ya mapambo vyunguni, mawili tu. Maji ya visima vyetu yana chumvi, basi mvua ikinyesha toeni vyungu nje chumvi ioshwe udongoni. Na wafanyakazi wa bustani wasikate majani mabichi ili mti uonekane nadhifu. Hata jani kuukuu linaloanza kuwa manjano bado mti unalinyonya potasiamu, madini unayoyahitaji. Likauke kwanza.

Ila mwenye uwanja asihangaike na chungu hata kidogo. Zika kokwa pale pale unapotaka mkoma usimame, penye jua, mbali na ukuta, masika yakianza. Zungushia miiba, mbuzi wasiufikie.