Mfiwa Aliyeketi Chini ya Mwembe

Nimeisoma Giovanni's Room kwa mara ya pili, na safari hii kilichonikaba koo si mapenzi yaliyomo, ni msiba. Riwaya hiyo ya James Baldwin ilitoka mwaka 1956. Msimulizi ni David, kijana wa Kimarekani. Yuko peke yake usiku kucha katika nyumba ya kupanga kusini mwa Ufaransa, na kukipambazuka Giovanni, mwanaume aliyempenda kule Paris, atakatwa kichwa kwa kosa la kuua. Hella, mchumba wa David, keshaondoka. Hakuna wa kukesha naye wala wa kumpa pole, maana hakuna anayemhesabu kuwa mfiwa.

Kwetu Ujiji msibani kila mtu anajua pake. Wafiwa wako ndani, jamaa mkekani, majirani chini ya turubai. Ukifika unauliza mfiwa ni yupi, unakwenda kumshika mkono. Miaka kadhaa nyuma alifariki jirani yetu, mtu wa makamo ambaye hakuoa. Siku ya hitima akaja mgeni aliyeshuka kwa treni kutoka Tabora. Aliketi chini ya mwembe, mbali na turubai, kofia yake magotini, akiuzungusha ukingo kwa vidole taratibu, tangu adhuhuri mpaka alasiri. Alipewa kikombe cha chai, kikapoa mkononi mpaka maziwa yakaota utando. Mzee mmoja akamuuliza, "Wewe ni nani wake marehemu?" Akajibu, "Rafiki." Mzee akaitikia, akarudi kwenye mazungumzo yake.

Sidai kujua zaidi ya neno lile alilolitamka. Ila nilipofika kwenye usiku wa David, nilimwona yule mgeni na kikombe chake.

Watu husema upweke wa mwanaume anayependa wanaume wenzake ni mzigo aliojitwika mwenyewe. Baldwin ananionyesha vingine. Giovanni, mhudumu wa baa kutoka kijiji cha Italia, anataka kitu kidogo mno: mtu wa kurudi kwake jioni. Chumba chake ni finyu, na vioo vya dirisha amevipaka dawa nyeupe ya kusafishia ili wa uani wasione ndani. Nilikaa sana kwenye vioo hivyo. Aliyevipaka amejificha, lakini naye haoni nje. David anapendwa mle chumbani na bado anaishi kwa hofu, kwa sababu aibu alikuja nayo tangu kwao. Aibu hiyo inamfanya amwache Giovanni na amdanganye Hella. Simsamehi kwa urahisi. Lakini najua hakuzaliwa nayo, alifundishwa.

Na sisi tunafundisha. Hata neno "shoga", ambalo mama zetu huitana kwa upendo wakisukana nywele, ukimtupia mwanaume linakuwa jiwe. Juu yake kuna kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, chenye kifungo kisichopungua miaka 30. Katika hali hiyo mtu hata kilio chake hukipima kabla hakijatoka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tumezaliwa mwisho wa reli, katika mji uliojengwa na wageni. Wamanyema walivuka ziwa kutoka Kongo wakawa wenyeji. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa kwa maelfu Kagunga, kijiji cha mpakani, meli ya Liemba iliwabeba mpaka mjini Kigoma, wakajaa uwanja wa Lake Tanganyika. Hatukuwauliza kwanza wanalala vipi makwao. Mji unaojua kupokea kiasi hicho, unashindwaje na mtoto wake wa kumzaa?

Nitaambiwa dini. Nami nimekulia chuoni, juzuu yangu naijua. Kumpa mfiwa pole si kutoa fatwa. Hakuna aliyewahi kukaguliwa moyo mlangoni mwa matanga, na nisingependa tuanze leo. Nataka mtu wa aina ya David awe na pake mkekani, aulizwe amefiwa na nani, ajibu kwa jina lake halisi la uhusiano, na asiogope kurudi nyumbani usiku.

Yule mgeni, kabla ya kuondoka, alipita kibarazani kwetu kuulizia dagaa. Alisema marehemu alikuwa akimtumia kila giza la mwezi, boti za uvuvi zikitoka Kibirizi. Mama akampimia sado moja, akaongeza kiganja juu. Kisha akaweka sado chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, vile vile alivyowashika wa ndani, wala hakumuuliza kitu. Mgeni akainamisha kichwa. Walikaa hivyo muda mrefu, mimi nikifunga mfuko.